Eda ya Mama Mdogo Kwenye Blogu Yangu

Watu huja dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, kutoa nakala za vyeti na kuchapa barua za maombi ya kazi, na wasioelewana na kompyuta huja niwajazie fomu za mtandaoni. Baadhi yao tukishazoeana huniuliza jinsi ya kuanzisha blogu. Nawafundisha bila kuwaficha kitu. Nawaonyesha namna ya kuifungua, namna ya kuchagua herufi zinazosomeka hata kwenye simu ndogo, na namna ya kukata aya ili msomaji asichoke njiani. Nawaambia waanze na jambo wanalolijua kwa mikono yao, wasiogope kukosea, na wasikate tamaa wasipopata msomaji. Yote hayo ni kweli na nayaamini. Lakini kuna sehemu ya somo ambayo huwa naipita haraka, macho yangu yakiwa kwenye kibodi, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa polepole.

Blogu yangu niliianza mwezi wa mfungo, mchana, saa ambazo mteja haonekani na mtaa mzima umelala. Makala ya kwanza ilihusu jinsi ya kupiga picha cheti chako ili kisikataliwe kinapotumwa. Niliona ni jambo la msaada mkubwa. Hakuna aliyeisoma, hata mume wangu, ambaye alisema ataisoma baada ya futari na mpaka leo hajaisoma. Nikaandika nyingine, na nyingine. Siku moja nikaandika jinsi marehemu mama alivyokuwa akipika mkate wa kumimina, namna alivyoweka makaa juu ya mfuniko na kusikiliza badala ya kuchungulia. Mwanamke mmoja aliyehamia Muskati akaacha maoni kwamba ameujaribu ukaumuka, na kwamba jikoni kwake kulinuka kama kwao Chumbageni. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama. Furaha ya namna hiyo sikuwahi kuipata kwa kutoa nakala.

Kisha kimya kikarudi. Mtu anayeandika blogu lazima azoee kimya hicho. Unaandika unavyoweza, unaiweka, unafungua simu kila baada ya muda kuona kama kuna mtu amepita, na hakuna. Umeme unakatika ukiwa katikati ya sentensi nzuri. Bando linaisha. Unajiambia utaacha, na wiki inayofuata unaandika tena.

Kilichobadilisha mambo ni ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Majirani zangu wawili walinuniana kwa sababu mmoja alianika mashuka na kuichukua kamba yote siku ya Ijumaa, na ikawa wakipishana uani wanasalimia kuku badala ya kusalimiana wao. Niliandika kwa kucheka, sikumtaja mtu. Ilisomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Watu wakatumiana, wakaniandikia kwamba hata kwao kuna kamba kama hiyo. Majirani wenyewe hawakujua, na kama walijua hawakujali, kwa kuwa walikwisha kupatana. Basi nikajifunza somo ambalo hakuna aliyenifundisha: mkate una wasomaji wake, lakini watu wanapenda zaidi kuchungulia uani kwa mwenzao. Nikaanza kwenda kila mahali na sikio la mwandishi.

Ndipo baba mdogo akafariki, kule Pangani, na mama mdogo akaingia eda.

Kwa asiyejua, eda ni muda ambao mjane wa Kiislamu hukaa ndani akimwomboleza mumewe, miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hapaki hina wala wanja, havai dhahabu, na hatoki ila kwa dharura. Wanawake huja kumtembelea, na kazi za ndani anafanya kama kawaida. Katika familia yetu, muda ukitimia, wanaomtoa mjane ni wifi zake, dada wa marehemu. Huja na kanga mpya na udi, humwogesha, humvika, na kumtoa mpaka mlangoni watu wamwone. Maana yake kila mtu anaielewa: watu wa mume wanashuhudia kwamba huyu mwanamke alikaa na ndugu yao kwa wema na akamlilia kwa heshima. Wifi wasipokuja, hakuna haja ya kusema neno. Mji mzima utajua kuna dosari.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ndiye aliyenilea tangu nilipoanza shule. Kwa hiyo kila Jumapili nilifunga duka, nikapanda basi la Pangani, nikaenda kukaa naye. Wengi hudhani eda ni nyumba ya machozi tu. Kwake haikuwa hivyo. Alilia, nilimsikia akilia kwenye sala. Lakini alikuwa mtu wa kucheka tangu hapo, na kifo hakikumbadilisha sauti. Alinisimulia habari za mumewe kama mtu anayepanga nguo za marehemu, akiitazama moja moja kabla ya kuikunja.

"Unajua mwanangu," aliniambia Jumapili moja, akichagua mchele kwenye ungo, "mimi tangu niolewe nalala nimebanwa ukutani kama mjusi. Baba yako mdogo alilala katikati. Mikono huku, miguu huku. Kisha anahesabu nazi."

"Usingizini?"

"Usingizini. Mchana kutwa amezihesabu sokoni, hazijamtosha. Akifika mbele anakosea, anaguna, anaanza tena moja."

"Sasa hukumwamsha?"

"Nimwamshe, halafu nani azimalize?"

Tulicheka mpaka akaweka ungo chini akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, taratibu, "Sasa nalala kitanda kizima. Mungu anisamehe, mwili unapumzika." Akaokota punje ya mchele sakafuni. "Na alfajiri naamka najikuta nimejibana ukutani palepale, kitanda chote kitupu."

Kwenye basi la kurudi nilikwisha kuanza kuandika kichwani. Nia yangu, nataka uniamini, haikuwa mbaya. Nilitaka kuwaeleza walio mbali kwamba eda si jela, kwamba mjane ni mtu, anachagua mchele, anamkumbuka mumewe kwa kicheko. Nilieleza masharti yote vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mteja. Sikutaja jina lake. Niliandika tu "mjane mmoja wa Pangani, mke wa mfanyabiashara wa nazi", nikaona nimemstiri.

Fikiria ujinga huo. Mji ule una mitaa ya kuhesabika, na waliofiwa na waume mwaka ule walijulikana nyumba kwa nyumba. Mfanyabiashara wa nazi aliyezikwa miezi ile alikuwa mmoja. Kumwita mtu "mjane aliye edani, mke wa muuza nazi" ilikuwa sawa na kuandika jina lake na la baba yake.

Na si hilo tu. Makala ilihitaji mwisho. Nilijaribu kuimalizia na alfajiri na ukuta, nikaona inazama, inakuwa nzito, msomaji atafunga simu akiwa na huzuni. Nikakata. Nikaishia pale pa kucheka: "Sasa nalala kitanda kizima. Mungu anisamehe, mwili unapumzika." Nikaisoma tena, nikaipenda. Haya ya ukutani nayaandika leo kwa idhini yake. Nilipomwomba, alisema niyaandike yote au nisiandike kabisa.

Makala ilikwenda kama moto wa makuti. Waliniandikia watu wa Moa, wa Mombasa, wa Dar, wanawake waliowahi kukaa eda wakisema wamecheka na kulia. Jumamosi yote nilikuwa nahudumia wateja huku nachungulia simu chini ya meza. Mmoja wao alinisubiri nimalize kutabasamu ndipo akanikumbusha kwamba nakala zake zinatoka nyeupe.

Jumapili nikaenda Pangani na mabungo kwenye kikapu, nimechangamka.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Kaa."

Hakuuliza habari za njiani. Alikuwa peke yake, jambo lisilo la kawaida Jumapili. Kwenye meza hapakuwa na bakuli lolote la mtu. Wifi yake mkubwa, aliyekuwa akimletea samaki kila mara kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, alikuwa hajaleta kitu wiki nzima.

"Nieleze," alisema. "Hiyo blogu ni kitu gani? Nieleze kama unavyowaeleza wateja wako."

Simu yake ilikuwa ya vitufe, hakuwahi kuona mtandao ila kwa wengine. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona mjuzi. Nikasema ni kama ukurasa, unaandika jambo, unaliweka, mtu akitaka anasoma.

"Mtu gani?"

"Yeyote, mama mdogo."

"Yeyote wa hapa?"

"Popote. Hata nje ya nchi."

"Hata mwanamume?"

"Hata mwanamume."

Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa. Akaivuta kanga iliyokuwa mabegani akajifunika kichwa, akaikaza chini ya kidevu. Tendo lile sijalisahau. Nimetukanwa maishani, nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu, lakini sikuwahi kuona haya kama iliyonishika nilipomwona mtu mzima aliyenilea akijisitiri mbele yangu.

Kisha akanieleza alivyopata habari. Binti mmoja wa mtaani aliitambua makala, akaipiga skrinshoti ya maneno ya mwisho tu, ikaingia kwenye kundi la familia ya marehemu. Mtu akayazungushia mstari mwekundu maneno ya kitanda. Mwingine akaandika chini kwamba kumbe wengine kufiwa ni likizo. Jirani ndiye aliyemwambia, kupitia dirishani, kwa kumwonea huruma.

"Nimeifuta, mama mdogo," nilisema. Nilikuwa nimeifuta wakati huohuo.

"Ukiifuta inatoka na kwao?"

Ilibidi niseme ukweli. Unapofuta, unafuta kwako. Picha iliyokwisha kupigwa inabaki kwenye simu za watu, nayo huna namna ya kuifikia. Hili nalo ni la kujua kabla hujaanza.

Aliitazama simu mkononi mwangu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ningekuwa naweza kutoka, ningevuka leo hii nikamwambia wifi yangu kwa mdomo wangu. Siwezi. Niko edani, nimekaa kama mzigo, watu wanasema na mimi nawasikia ukutani. Muda wangu unakaribia kwisha. Wasipokuja kunitoa, nitatoka vipi mlango huo? Utakwenda wewe."

"Nikamwambie nini?"

"Wewe si unajua kueleza?"

Hakulisema kwa kejeli, na hilo lilinichoma zaidi.

Nilivuka kwa pantoni mchana uleule. Wifi yake mkubwa, ambaye mimi humwita shangazi, nilimkuta uani kwake amekalia mbuzi anakuna nazi. Nilimwamkia, akaitikia bila kusimamisha mkono.

"Karibu mwandishi. Umekuja kuniandika na mimi? Ngoja basi nivae nguo ya maana."

"Nimekuja kuomba radhi, shangazi."

"Radhi ya nini? Mimi sijasoma. Macho yangu hayaoni vitu vya kwenye simu. Nimesomewa kipande." Akamwita binti yake aliyekuwa ndani. "Lete simu. Mwenyewe amekuja, anisomee mwenyewe."

Binti alikuwa nayo yote, aliihifadhi kabla sijafuta. Akanipa simu akasimama kando, mikono kifuani. Nikasoma kwa sauti. Sijui kama umewahi kusoma maandishi yako mbele ya mtu aliyezaliwa tumbo moja na unayemwandika. Maneno niliyoyaona mazuri dukani yalinitoka mdomoni yamechakaa. Nilipofika masharti ya eda alitikisa kichwa kuashiria niendelee, hayo anayajua. Nilipofika nazi za usingizini, mkono wake ukasimama kwenye mbuzi.

"Alikuwa anaguna?"

"Ndiyo, imeandikwa. Anaguna, anaanza moja."

"Tangu mtoto," akasema. "Tulilala mkeka mmoja. Baba alikuwa akimpa kazi ya kuhesabu nazi shambani, usiku anatuhesabia sisi." Mdomo ukamcheza, akauzuia. "Haya. Malizia."

Nikasoma kitanda kizima. Nikasoma mwili unapumzika. Nikamrudishia binti simu.

"Ndipo alipoishia?"

"Kwenye makala, ndiyo."

"Nakuuliza yeye. Mke wa kaka yangu namjua, haachi neno likaning'inia hivyo. Alisema nini baadaye?"

Nikamwambia ya alfajiri na ukuta na kitanda kitupu. Shangazi akageuza uso upande wa jiko. Binti yake akashusha mikono.

"Hayo mbona hayamo?"

"Niliyaacha."

"Ulisahau?"

"Hapana. Niliona yatawahuzunisha wasomaji."

Alirudia neno hilo, wasomaji, kana kwamba anauliza ni watu wa ukoo gani. Kisha akauliza, "Na yeye ulimwuliza kabla ya kuandika?"

"Sikumwuliza."

"Kwa nini?"

"Nilijua angekataa."

"Basi ulijua," alisema, na akaendelea kukuna nazi.

Nilikaa pale kwenye kigoda mpaka nazi ikaisha. Hakunifukuza wala hakuniongelesha. Alipomaliza, akasuuza mikono na kusema, "Mambo ya kitanda cha kaka yangu, mimi na mkewe tunaweza kuyacheka mpaka tukaanguka. Sisi tumelala naye. Hao wa kwenye simu walilala naye lini? Mwambie tutakuja. Hilo kundi nitaliambia mimi, kwa sauti yangu, wanisikie wote. Na wewe siku hiyo kaa jikoni. Chumbani usiingie."

Nilipompelekea mama mdogo majibu hayo, alisema alhamdulillahi, akaniuliza kama nimekula.

Walikuja kweli. Siku eda ilipokwisha walivuka wifi wote, na kanga mpya zikiwa zimekunjwa ndani ya sinia, na udi, na shangazi mbele. Majirani waliokuwa wameacha kuja walirudi wakiwa na sura za watu ambao hawakuwahi kuacha. Mimi nilikuwa uani nageuza pilau. Nilisikia maji yakimwagwa bafuni, nikasikia dua, nikanusa udi ukipita kwenye dirisha. Nikaona kwa mbali walivyomshika huku na huku wakamfikisha mlangoni, mtaa mzima ukishuhudia, na yeye amevaa kanga zinazong'aa, ameinamisha macho. Moyo wangu ulitua. Aliyepaswa kupata heshima yake ameipata.

Baadaye waliingia naye chumbani wakafunga mlango, na kicheko kikaanza. Nilikitambua cha mama mdogo, kile cha kuweka ungo chini. Alikuwa anasimulia jambo, sauti inapanda na kushuka, na shangazi anamkatiza, na wote wanaangua tena. Mtu akapaza sauti kwamba chai haijafika. Wasichana walikuwa wanapakua pilau, basi nikaichukua sinia mwenyewe. Nilibisha hodi nikasukuma mlango kwa bega.

Walinyamaza. Hawakukunja uso, hakuna aliyenitazama vibaya. Walinyamaza tu, kama wanawake wanavyonyamaza mgeni wa kiume akipita uani. Mama mdogo alikuwa kitandani katikati yao, mikono yenye hina mbichi imetandazwa mapajani. Bado alikuwa na tabasamu la kile alichokuwa akikisema.

"Weka hapo, mwanangu," alisema kwa upole. "Na mlango uurudishie."

Niliurudishia. Nilisubiri kidogo koridoni, sijui kwa nini, na nilipofika jikoni kicheko kikaanza upya.

Bado naandika blogu. Naandika jinsi ya kujaza fomu, jinsi ya kutunza vyeti visiliwe na unyevu wa pwani, na mara mojamoja chakula. Wasomaji wamepungua, na siwalaumu. Nikiandika habari ya mtu, namsomea kwanza, neno kwa neno, na akisema hapana naiacha. Ni kazi ya kuchosha, na nakushauri uifanye.

Pangani naenda kila Jumapili kama zamani. Mama mdogo sasa anatoka, anakwenda sokoni, anavuka Bweni kwa wifi yake, na watu wanampa salamu zake zote. Kwangu hajabadilika kwa chakula wala kwa dua. Tunaongea bei ya samaki, miguu yake, watoto wangu. Ila anapofika pa kusema, "Baba yako mdogo, siku moja," anasita, anatazama mikono yangu, anageukia jambo jingine.

Wiki iliyopita alipositasita hivyo nikamwonyesha viganja vitupu. Nikamwambia simu nimeiacha Tanga makusudi, nitaiacha kila nikija.

Aliviangalia viganja.

"Simu umeiacha Tanga," akasema. "Na kichwa umekiacha wapi?"

Akacheka, mimi nikacheka naye kidogo, kisha akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha.